Anayemjibu Jogoo

14 Januari

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta uvimbe wa goti tangu ulipoanguka uani umepungua na umeanza kutembea bila kushika ukuta. Mama anakusalimu sana. Bado anatoka alfajiri kwenda kuoka mikate na kurudi mchana na unga kwenye nyusi. Mimi shule imefunguliwa. Mwalimu wa Biolojia alinichagua nisome mbele ya darasa, nikasoma, na nilipofika katikati ya ukurasa yule anayekaa dawati la kwanza akauliza kama nimeshaanza.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Ukipigiwa unapiga kelele "Nasikia! Nasikia!" halafu unakata. Dereva wa lori la unga amekubali kutuchukulia barua, maana akishusha unga kwenye tanuri la kina Mama huendelea hadi huko mnakokaa na Mama Mdogo. Anasema yeye hana ratiba, ana lori tu, kwa hiyo barua zikichelewa tusimlaumu. Shali uliyoagiza ameibeba pamoja na barua hii. Nimeikunja ndani ya gazeti.

Sasa habari za kuku. Wote watano ni wazima. Karani anachakura mchana kutwa kama anatafuta faili lililopotea. Pacha wawili wanataga siku moja na kugombea kiota kimoja. Bubu bado hajasema kitu. Tatizo ni Mama Mkwe. Ameanza kuatamia. Amejikunja kwenye kona ya banda juu ya mayai matatu, na ukimsogelea anavimba na kukutazama kama umekuja kuposa bila mshenga. Namtoa, anarudi. Nikichukua mayai, analalia mahali yalipokuwa.

Nimesoma kitabu cha ufugaji cha maktaba ya shule, nacho kinasema jambo ambalo wewe ungeniambia bila kitabu: pasipo jogoo, ataatamia mpaka azeeke na mayai yatakuwa viza tu. Kwa hiyo nauliza, Bibi, tuongeze jogoo? Fundi viatu wa pale kona ana majogoo wawili wanaopigana chini ya meza yake ya kazi, na yuko tayari kutupa mmoja. Najua umeshasema siku nyingi kwamba hatuwezi kufuga jogoo kwa sababu ya nesi wa nyumba ya pili, ambaye anafanya kazi usiku na kulala asubuhi, ukuta kwa ukuta na sisi. Lakini nimefikiria sana na naona tunaweza kuliangalia upya.

Chumba chako nakifagia kila Jumamosi. Kigoda chako kipo pale pale mbele ya banda. Karani amekifanya jukwaa lake.

Ulisema utakaa huko mwezi mmoja. Mimi sihesabu, ila Mama anahesabu.

Mjukuu wako

*

2 Februari

Kwa mume wangu mdogo,

Marahaba. Goti lipo na mimi nipo, tunavumiliana kama wakewenza. Mama yako mdogo ananilisha kama ng'ombe wa maonyesho. Nyumba yao haina ngazi hata moja, na bafu liko ndani, natoka kitandani naingia. Dirisha langu liko chini, usawa wa barabara, kwa hiyo sioni nyuso za watu, naona miguu. Nimeshaanza kuwajua majirani kwa viatu. Kuna mmoja kisigino chake cha kushoto kimeliwa chote, natamani kumtuma kwa fundi wetu wa kona.

Unasoma kwa sauti ndogo mbele ya darasa? Na mimi ndiye niliyeolewa nawe! Ukija kunitolea mahari nani atasikia umetaja nini?

Kuhusu jogoo. Kuku wanataga bila jogoo kama mimi ninavyotafuna bila magego. Wahenga wamesema liwike lisiwike kutakucha, nami sina la kuongeza. Huyo Mama Mkwe mwache, akichoka atanyanyuka. Si wa kwanza duniani kulalia viza.

Na kama bado unamtaka, basi mimi si wa kuulizwa. Anaulizwa anayelala upande wa pili wa ukuta. Nenda kagonge kwa nesi useme kwa mdomo wako. Mdomo unao, nimeuona ukila.

Mwambie mama yako apunguze kuinua magunia peke yake. Mgongo hauna spea.

Dereva akipita tena, mpe ile redio yangu ndogo. Huku asubuhi ni kimya, wote wakienda kazini nabaki nasikiliza jokofu.

Mkeo, Bibi

*

16 Februari

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Mama hajambo, amekubali kuinua magunia na mwenzake. Mimi pia sijambo, ila nakuomba kitu kimoja: usiandike "mume wangu mdogo" juu ya bahasha. Dereva alisimama kwenye mlango wa tanuri akapaza sauti, "Mume wa bibi kizee yuko wapi? Mke ameandika!" Waokaji wote wakageuka. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni. Sasa nikipita pale wananiita shemeji.

Nilifanya ulivyosema kuhusu nesi. Karibu nifanye. Mara ya kwanza nilifika mlangoni, nikainua mkono, nikasikia anakohoa ndani, nikaona pengine anaumwa, nikarudi. Mara ya pili tulikutana getini. Nikamwamkia. Akaniambia, "Marahaba, unasemaje?" Nilikuwa nimeandaa sentensi nzima, lakini ilipotoka nikamwambia kumekucha. Ilikuwa saa kumi jioni. Akatazama juu, akatazama saa yake, akasema, "Kweli, mwanangu," akaingia ndani.

Kwa hiyo nikamwandikia. Nilieleza faida za jogoo kwa kuku na kwa majirani, nikapendekeza banda lizibwe madirisha kwa magunia ili mwanga usimfikie mapema. Niliandika kwa wino mweusi, mwandiko mzuri, nikapitisha karatasi chini ya mlango wake. Mpaka leo hajajibu. Nadhani amekasirika. Sasa nikitoka kwenda shule nazungukia nyuma.

Redio dereva anayo. Kabla ya kuifunga niliiwasha kidogo chumbani kwako ili nihakikishe inafanya kazi. Nilipoizima chumba kilinyamaza kuliko kawaida. Asubuhi Mama akishaondoka, hapa nyumbani kuna sauti ya kuku tu, na wao wakishataga wananyamaza.

Mama Mkwe bado amelala. Ameanza kukonda.

Mama anasema wewe hujawahi kukosa vifaranga wakianguliwa. Eti hata siku ya harusi ya Mama Mdogo ulichelewa kwa sababu yai moja lilikuwa limeanza kutoboka. Ni kweli?

Mjukuu wako

*

8 Machi

Mume wangu (nimeiandika ndani, si juu ya bahasha),

Marahaba. Barua yako ililala gereji pamoja na lori. Dereva anasema ni giaboksi. Ilipofika ilikuwa inanuka oili, nikaisoma hivyo hivyo, na mama yako mdogo akaja mbio kutoka jikoni kuuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nilimsomea pale pa kumekucha. Ameniomba nisome tena.

Habari ya yai ni kweli, na bwana harusi alisubiri, hakufa.

Lakini wewe! Mtu anayelala hatua kumi toka kwako unamwandikia barua? Mimi niko mbali, mimi ndiye wa kuandikiwa. Yule ni wa kugongewa. Hajakasirika, anakusubiri ukue.

Sasa nisikilize. Kuku akikonda kwa kuatamia si mchezo, atakufa hapo hapo kwa ukaidi wake. Kama anataka watoto, mpe watoto. Nenda kwa fundi viatu, mwambie nimekutuma, akupe mayai yaliyo na mbegu, manane yanamtosha. Usiende sokoni wala kwa mtu mwingine. Kwa fundi viatu. Giza likiingia, toa yale viza chini ya Mama Mkwe na umwekee haya polepole, mkono ukiwa na joto. Kuku gizani hana hesabu, asubuhi atadhani ni yake tangu mwanzo. Hivyo utapata vifaranga bila jogoo, nesi atalala, na wewe hutalazimika kuongea na mtu. Umefurahi?

Mwambie mama yako kwamba dereva akija na lori tupu ampe cherehani yangu. Aifunge kwa blanketi zito, ile meza yake inachubuka. Mama yako mdogo anataka mapazia, na mimi siwezi kukaa nikitazama miguu ya watu mwaka mzima.

Mkeo, Bibi

*

11 Aprili

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Wameanguliwa!

Nitaanza mwanzo. Nilikwenda kwa fundi viatu, na kwa kuwa nilikuwa natumwa nawe niliweza kuongea. Alikuwa anashona soli huku misumari ikiwa mdomoni. Nikamweleza. Akatema misumari mkononi, akaniuliza, "Ni bibi yako mwenyewe aliyesema uje kwangu?"

"Ndiyo. Alisema nisiende kwa mtu mwingine."

"Alisema hivyo?"

"Aliandika mara mbili."

Akaweka kiatu chini na kwenda nyuma kuchagua mayai yeye mwenyewe. Alikataa nimsaidie. Yule jogoo wake mwekundu alikuwa amesimama juu ya kopo la gundi akinikagua. Fundi aliporudi alikuwa ameyaviringisha mayai kwenye vipande vya ngozi laini, moja moja, kama viatu vya mtoto. Akasema, "Msalimie. Mwambie mzee mwekundu ameacha watoto." Sikuelewa, lakini nimekuandikia kama alivyosema.

Niliyaweka giza lilipoingia, kama ulivyoagiza. Mama Mkwe alinidonoa mara moja tu, kwa heshima. Baada ya siku chache niliyamulika kwa tochi, kitabu kilivyoelekeza, na ndani nikaona mishipa midogo kama mizizi na kitu kinachodunda. Nilikaa nikakitazama mpaka betri zikafifia. Sikuwa na wa kumwonyesha, Mama alikuwa amelala. Nikamwonyesha Karani.

Wametoka sita katika mayai manane. Wanne wa rangi ya mchanga, mmoja mweusi, mmoja mwekundu anayepanda juu ya mgongo wa Mama Mkwe na kuteleza na kupanda tena. Mama Mkwe amebadilika kabisa. Anatembea uani kama mwenyekiti wa mtaa.

Cherehani imeondoka. Mama na dereva waliifunga kwa mablanketi mawili. Sakafuni, pale ilipokaa, yamebaki madoa manne ya miguu yake. Nimejaribu kuyasugua, hayatoki. Kwa kweli sijayasugua sana.

Bibi, vifaranga hawa wanakua haraka. Je, utakuja kuwaona wakiwa bado wadogo? Mama amenikataza nisikuulize. Alininyooshea kidole chenye unga akanitishia nacho. Lakini nimeuliza.

Mjukuu wako

*

30 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Sita katika mayai manane, hongera, hata mimi nimewahi kupata wanne. Mapazia yamekwisha, sasa jirani mwenye kisigino kilicholiwa amesikia mlio wa cherehani na kuleta suruali za watoto wake watatu. Sura yake ni nzuri kuliko viatu vyake.

Salamu za fundi viatu nimezipata.

Waangalie vilemba vyao. Atakayewahi kuwa na kilemba chekundu, na miguu minene, na kukunyooshea shingo ukipita, huyo ni jogoo. Niambie ni wangapi.

Ulichouliza mwishoni nimekisoma. Nitakijibu. Leo mkono umechoka.

Bibi

*

17 Agosti

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kukaa kimya. Mitihani ya muhula ilinibana. Hiyo ni kweli, lakini mitihani iliisha Juni. Dereva alipita mara tatu akiniuliza, "Shemeji, leo hakuna?" nikamwambia leo hakuna. Kila nilipokaa kuandika, kalamu ilitaka kuuliza swali lile lile, nami nilijua umeshalisoma.

Mama hajambo. Wamemfanya mkuu wa zamu ya asubuhi, sasa anaondoka mapema zaidi.

Vifaranga wawili walichukuliwa na mwewe. Mama Mkwe alipigana naye mpaka akapoteza manyoya ya mkia. Waliobaki ni wanne: mitetea watatu na yule mwekundu. Yule mwekundu, Bibi, ni jogoo. Kilemba, miguu, shingo, kila kitu. Tulizunguka tusiongeze jogoo, naye akapita ndani ya yai.

Wiki iliyopita aliwika. Sijui kama niite kuwika. Alipanda juu ya kigoda chako, akajinyoosha, akafumba macho, ukatoka mlio kama mlango wa kabati unaofunguliwa na mwizi. Yeye mwenyewe alishtuka. Akatazama nyuma kuona nani amefanya vile. Akajaribu tena.

Muda si mrefu nikasikia mlango unagongwa. Nikajua ni nani. Nilisimama sebuleni nikatamani kuwa chini ya meza. Nikafungua. Nesi alikuwa ndiyo kwanza anatoka kazini, bado na sare, viatu ameshika mkononi.

"Yule aliyewika ni wenu?"

"Samahani sana, Nesi. Ni bahati mbaya."

"Bahati mbaya ndiyo iliyowika?"

"Hapana. Jogoo. Lakini hatukumnunua, alitokea."

Akaegemea mlango. "Ile karatasi yako niliipata. Nikasoma sababu saba, na ya tano ina vifungu vitatu. Nikasema, huyu siku akitaka kuoa atamwandikia mchumba kitabu. Nimekaa tangu wakati ule nikisubiri uje uniulize."

"Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini, sindano? Sina hapa. Haya, uliza."

Bibi, nikauliza. Kwa mdomo. "Jogoo wetu akiwika asubuhi, utaweza kulala?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, mimi nikitoka zamu, paa liking'oka nalala. Kitanda namba tisa kina mgonjwa anayekoroma kuliko majogoo wa nchi nzima, na mimi nasinzia nimesimama. Nani alikwambia sitaki jogoo?"

"Bibi. Alisema alimtoa jogoo wake kwa ajili yako."

Akaacha kucheka. Akasema polepole, "Mimi nilipohamia hapa hapakuwa na jogoo. Nilikuta mitetea, na bibi yako amekaa kwenye kigoda." Halafu akaniambia nisikuulize kama hutaki kusema, akaniaga akaenda kulala. Na kweli akalala, maana jogoo aliwika mara nyingi na kwake hakukusikika kitu.

Mimi na Mama tulihamia kwako Babu akiwa ameshafariki, kwa hiyo jogoo huyo sikumwona. Sikuulizi kwa nini ulimtoa. Nataka tu kusema kwamba kama sauti ya jogoo inakuumiza kwa njia yoyote, nitampeleka huyu kwa fundi viatu Jumapili baada ya kupata jibu lako. Fundi amekubali. Nimeshaandaa boksi na nimelitoboa matundu.

Na jambo lingine, ili usije ukalisikia kwa mwingine. Mimi sikutaka jogoo kwa sababu ya Mama Mkwe. Nilitaka jogoo ili wapatikane vifaranga, na nilitaka vifaranga kwa sababu hujawahi kukosa vifaranga. Nilidhani utakuja. Umeagiza shali, umeagiza redio, umeagiza cherehani. Kigoda bado hujaagiza. Kila dereva akileta barua yako naanza kusoma mwisho, nione kama umekiagiza.

Mjukuu wako

*

29 Agosti

Mume wangu,

Nimemshikilia dereva hapa mlangoni. Anakunywa chai na kulalamika, mwache alalamike. Usimpeleke yule jogoo popote. Hilo boksi lichane.

Nitakujibu yote, na nitaanza na babu yako kwa sababu huko ndiko mambo yalikoanzia.

Babu yako alikuwa na jogoo mwekundu. Walikuwa hawapatani. Jogoo akiwika alfajiri, babu yako, bado yuko chini ya blanketi, alimjibu kwa sauti kubwa, "Nimesikia, mzee, nimesikia!" Jogoo anawika tena. "Nimesema nimesikia! Unataka nikuandikie?" Mimi nacheka, yeye anakohoa, anatafuta viatu vyake gizani, anakwenda kubandika maji ya chai. Kila siku ya ndoa yetu. Sikuwahi kuamka kwa saa.

Alipofariki, jogoo hakuambiwa. Asubuhi ya kwanza akawika. Nikasubiri. Akawika tena, nami nikasubiri tena, kama mjinga, nimeshika blanketi. Hakuna aliyejibu. Nilijaribu kumjibu mimi, sauti haikutoka. Aliendelea hivyo wiki nzima, anaita na kunyamaza, anaita na kunyamaza, mpaka nikambeba nikampeleka kwa fundi viatu. Nesi alipohamia nikapata sababu ya kuwaambia watu. Yeye hajawahi kunikosea chochote, na ukimwona mwambie nitamshonea gauni.

Wahenga wanasema liwike lisiwike kutakucha, na mimi nilikuandikia hivyo hivyo. Ni kweli, kunakucha. Kumekucha hivyo miaka yote hii. Lakini kunakucha vibaya, mwanangu. Kunakucha kama mtu anayeingia bila kubisha hodi.

Ulipoomba jogoo sikuwa na moyo wa kusema ndiyo wala wa kusema hapana. Nikakutuma mayai. Nilikutuma kwa fundi viatu kwa sababu mwekundu wake ni mtoto wa yule wa babu yako. Nikajiambia, kama jogoo anataka kurudi nyumbani, atajua njia ya kupita. Naye fundi akanielewa, ndiyo maana akanitumia zile salamu.

Sasa swali lako. Daktari aliniambia tangu Januari kwamba goti hili halitarudi kama lilivyokuwa. Choo cha huko kiko ng'ambo ya uwanja, na ngazi za uani hazina pa kushika. Nikianguka tena sitaokotwa mzima. Ndipo nikaagiza redio. Mama yako anajua, mimi ndiye niliyemwomba asikwambie, kwa hiyo usimnunie. Nilitaka kukwambia mwenyewe, halafu kila barua nikaona bora nikutanie kwanza. Sitarudi kuishi hapo, mume wangu. Ndiyo hiyo, nimeiandika.

Lakini Desemba mkifunga shule nitakuja, mama yako mdogo amepata likizo na ameapa kunibeba kama ni lazima. Nitakaa wiki mbili. Asubuhi utanishika mkono kwenye zile ngazi na kunifikisha mbele ya banda. Kwa hiyo kigoda sikiagizi. Kiache kilipo, mfukuze tu Karani.

Na hadi hapo kuna kazi moja. Jogoo wa ukoo ule hawezi kuwika asijibiwe, atadhani nyumba haina mtu. Mama yako anakuwa ameshaondoka. Mimi niko mbali. Umebaki wewe.

Dereva amemaliza chai.

Mkeo, Bibi

*

12 Septemba

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Dereva amesema barua yako ilikuwa nzito kuliko magunia yake, nikamwambia ndiyo.

Sijamnunia Mama. Nilimsubiri arudi kutoka kazini, nikamwonyesha barua. Aliisoma amesimama, halafu akakaa, akanivuta pembeni yake na kunipaka unga shati lote la shule. Jioni ile tulikwenda kwa fundi seremala, Mama akapatana naye kuhusu mbao za kushikia kwenye ngazi za uani. Anakuja kuzipima Jumatatu. Nimemwambia asizifanye ndefu, wewe si mrefu. Desemba zitakuwa zimekauka rangi.

Chumba chako nitaendelea kukifagia.

Lile boksi nimelichana, Mama Mkwe amelalia vipande vyake.

Leo alfajiri, Mama akiwa ameshaondoka, jogoo alipanda juu ya kigoda. Sauti imetulia sasa, haifanani tena na kabati. Akawika. Nilikuwa macho, nimekaa kitandani, nimefungua dirisha tangu kabla. Nikasema, "Nimesikia, mzee."

Nilisema kwa sauti yangu ile unayoijua. Akainamisha kichwa upande, akasubiri. Nikaona kifua chake kinajaa tena, na akawika, safari hii akitazama dirisha langu moja kwa moja, kama Mwalimu wa Biolojia.

Basi nikasimama, nikashika nondo za dirisha, nikavuta pumzi mpaka tumboni.

"NIMESIKIA, MZEE, NIMESIKIA!"

Kuku wote walinyamaza. Bubu akatoka bandani kuja kutazama. Halafu upande wa pili wa ukuta nesi, ambaye jana hakuwa zamu, akapiga kelele, "Na mimi nimesikia! Sasa bandika maji ya chai!"

Nimeyabandika, Bibi. Nakuandikia huku yanachemka.

Mumeo mdogo